Matandiko ya enduransi maana yake nini? Kwa anayejiandaa na kilomita 40 za kwanza

Watu wengi wakisikia "matandiko ya enduransi", yaani vifaa anavyovalishwa farasi kwa safari ndefu za mashindano, wanadhani kuna tandiko fulani maalum, ukishalinunua umemaliza kazi, na wauzaji nao wanakuachia uamini hivohivo. Hapana. Matandiko ya enduransi ni matandiko yoyote ambayo farasi wako amekaa nayo masaa matatu manne, katoka jasho, vumbi limeingia kila mahali, na ukiyavua unakuta mgongo wake uko kama ulivyokuwa asubuhi. Hiyo ndo maana yake, bei na jina la kampuni havimo.

Kwanza tuelewane enduransi yenyewe. Oman na nchi za Ghuba wanaita qudra na tahammul, na sisi Waswahili maneno hayo hayatupigi chenga, kudra tunayo na tahammul ni ndugu wa damu wa kustahamili. Kwa hiyo sio mashindano ya kwenda shoti dakika mbili ukashuka. Ni safari, kuanzia kilomita 40 hivi za wanaoanza mpaka 160 kwa siku moja, mchangani, kwenye mawe, juani, na imekatwa vipande vipande, kila kipande kikiisha kuna daktari wa mifugo anakusubiri. Kwenye kanuni za FEI, shirikisho la dunia la michezo ya farasi, kwenye mageti ya katikati (vituo hivyo vya ukaguzi) unapewa dakika 15 tangu ufike, mapigo ya moyo ya farasi yawe yameshuka hadi 64 au chini ya hapo. Daktari anasikiliza tumbo, anavuta ngozi ya shingo aone kama inarudi haraka, anaangalia fizi, unamkimbiza farasi mkononi aone kama anachechemea, halafu anapitisha vidole mgongoni na kwenye njia ya mkanda wa tumbo. Vidole hivyo ndo vinakagua matandiko yako. Farasi akijikunja pale, una shida, hata kama miguu yake ni mizima. Wamarekani, ambao Tevis Cup yao ya maili 100 ipo tangu 1955, wana msemo kwamba kumaliza ndo kushinda, na kumaliza kwao ni farasi afike akiwa bado anaweza kuendelea.

Sasa piga hesabu. Farasi akienda telki ya kawaida, kama kilomita 12 kwa saa, kilomita 40 ni zaidi ya masaa matatu, na kila dakika anarudia hatua zake mara 75 hivi. Inafika mara 15,000 kwa safari moja! Kitu kinachosugua kidogo tu, ambacho kwenye nusu saa ya mazoezi hukioni kabisa, hapa kinasuguliwa mara 15,000 na jasho lenye chumvi juu yake. Ndo maana tandiko "zuri" la uwanjani linaweza kuwa baya njiani.

Tandiko utalijuaje? Kuna saisi (mtunza farasi) mmoja mtu mzima alinifundisha, kila nikimwambia mzee wangu hili linamkaa vizuri, ananijibu "mwanangu usinieleze, livue nione." Tunalivua taratibu, bila kuliburuta, tunatazama jasho. Linatakiwa lifanane kushoto na kulia, na juu ya uti wa mgongo ubaki mstari mkavu maana hapo tandiko halitakiwi kugusa kabisa. Ukiona doa kavu kama sarafu katikati ya manyoya yaliyolowa, weka kidole ubonyeze. Inawezekana tandiko limebana mpaka jasho likashindwa kutoka, inawezekana pia limeinuka halijagusa, ila farasi akitetemesha ngozi au akazamisha mgongo jibu umeshapata. Siku ile nilipoonyeshwa doa la namna hiyo nyuma kidogo ya bega nilikuwa nimeshampanda yule farasi wiki tatu nikisema yuko poa, na baadaye pale pale yaliota manyoya meupe. Hayo hayarudi rangi yake, mpaka leo nikiyaona roho inaniuma.

Na usiongeze blanketi la pili chini ili kuficha kosa, tandiko linalobana ukilijazia linabana zaidi, sawa na kuvaa soksi mbili kwenye kiatu kidogo. Blanketi moja safi, lisilo na mikunjo, na kabla ya kufunga mkanda livute juu kidogo liingie kwenye uwazi wa tandiko lisikandamize kinundu kile cha baina ya shingo na mgongo.

Mkanda wa tumbo usifunge kwa nguvu zote mara moja, funga kidogo, tembeza farasi, rudi ukaze, kisha mvute kila mguu wa mbele ngozi inyooke isibanwe. Mkanda wa kifuani ni muhimu kama njia ina vilima, unazuia tandiko lisirudi nyuma. Upande wa malighafi, ngozi ni nzuri ila jasho na maji vinaikausha ikakakamaa usipoipaka mafuta, kwa hiyo wengi wanapenda mikanda ile ya plastiki laini inayooshwa kwa maji tu, na mimi kwa anayeanza nashauri hiyo. Hatamu iwe ya kuvua lijamu (kile chuma cha mdomoni) haraka, manake farasi lazima anywe na ale njiani, na jasho la farasi lina chumvi nyingi kuliko hata damu yake, anaweza kupungukiwa maji asione kiu, ndo maana asipate kikwazo chochote mdomoni. Fimbo na vyuma vya kisigino acha nyumbani, FEI hawaviruhusu kwenye enduransi.

Kwako wewe, helmeti, bila mjadala. Viatu viwe na kisigino, mguu usipenye kwenye kikuku (kile cha kukanyagia), au tumia vikuku vyenye kizuizi mbele, hapo hata raba inakubalika. Suruali isiwe na mshono mnene ndani ya goti. Jinzi ni adui, utachubuka, ukichubuka utakaa upande, ukikaa upande farasi anabeba mzigo umeinama, kwa hiyo hilo nalo linaishia mgongoni kwake. Uzito pia, wengi wanafuata kipimo cha asilimia 20, farasi wa kilo 400 wewe na matandiko na chupa za maji msizidi 80, na chupa zikae sawa pande zote mbili. Chukua na sponji, ifunge kamba, ukipita kwenye maji unaitupa bila kushuka unamlowesha shingo.

Kwato sitasema mengi, kama njia ina mawe mwone fundi wa kwato mapema, sio siku mbili kabla.

Kubwa kuliko yote ni kwamba siku yenyewe usivae wala usimvalishe kitu kipya, hata soksi. Panda kilomita 20 na vitu vyote hivyo, chupa zikiwa zimejaa kweli, umvue uangalie jasho, rekebisha, rudia tena wiki inayofuata. Asubuhi ya safari kabla hujatandika pitisha kiganja mgongo mzima, taratibu, kinyume cha manyoya halafu uyalaze, kisha pitisha kiganja hichohicho upande wa chini wa blanketi. Punje moja ya mchanga itoe.