Somo la uraia sekondari: dhana zinazowakwamisha walimu, na ukweli wake

Mwalimu wa uraia aliyeko Dodoma anafundishia mkoa wenye Bunge, Ikulu ya Chamwino na wizara zilizojipanga pale Mtumba. Pamoja na hayo, vipindi vingi vya somo hili huishia kwa mwalimu kujaza ubao na wanafunzi kunakili hadi kengele igonge. Lawama humwangukia mwanafunzi kwamba hana hamu, au mwalimu kwamba hana mbinu. Mimi naona kikwazo kikubwa ni mambo tunayoyaamini kuhusu somo lenyewe: sisi walimu, wakuu wetu wa shule na wazazi.

Dhana: Vijana wa siku hizi hawajali mambo ya nchi

Wasikilize wanafunzi hao hao asubuhi kituoni, konda anapowakatalia kupanda daladala kwa sababu nauli yao ni ndogo. Wanabishana kwa hoja kabisa: kwamba nauli ya mwanafunzi imepangwa, kwamba konda hana mamlaka ya kuwachuja abiria, kwamba lazima pawe na mahali pa kushtaki. Mahali hapo papo, ni LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na ubishi huo ndio uraia wenyewe. Saa mbili baadaye wako darasani kimya, mbele ya mada inayohusu haki na wajibu wa raia.

Tunasahau suala la lugha. Kwa miaka mingi somo la uraia la kidato cha kwanza hadi cha nne limefundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, huku Katiba ikisomwa kwa Kiswahili, wabunge wakijadiliana kwa Kiswahili na mkutano wa kijiji ukiendeshwa kwa Kiswahili. Mtoto aliyetoka shule ya msingi ya Kiswahili huko Bahi au Chemba hanyamazi kwa kukosa maoni. Ananyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Mtaala mpya, uliofuata Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 Toleo la 2023, umeleta somo la lazima la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na hilo ni jambo kubwa. Kwa darasa ambalo bado linatahiniwa kwa Kiingereza, mwalimu awaache wajadiliane kwanza kwa lugha wanayoimudu, kisha wasaidiane kuandika majibu kwa lugha ya mtihani. Mthibiti ubora wa ndani au mkuu wa shule anayepita dirishani asilichukulie hilo kuwa kosa.

Dhana: Kufungua mjadala ni kuleta siasa shuleni

Hofu hii ndiyo inayowafunga mdomo walimu wengi, na haifai kubezwa. Mwalimu haruhusiwi kunadi chama darasani, na hilo ni sahihi. Ila kueleza jinsi uchaguzi unavyoendeshwa, Bunge linavyoisimamia Serikali na mahakama inavyopaswa kuwa huru ni kufundisha yaliyomo kwenye muhtasari wa somo. Uhuru wa maoni umeandikwa kwenye Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977, na huwezi kuufundisha kwenye darasa ambalo hakuna anayeruhusiwa kusema.

Utafiti mkubwa wa kimataifa wa elimu ya uraia uliofanywa mwaka 1999 na IEA, shirika la kimataifa la tathmini ya elimu, uliowapima vijana wa miaka 14 katika nchi 28, ulionyesha kwamba maarifa ya uraia yanakwenda pamoja na hali ya uwazi darasani, yaani mwanafunzi kujisikia huru kutoa maoni na kusikia ya wenzake. Tanzania haikuwamo kati ya nchi hizo, lakini yeyote aliyewahi kushika chaki ataitambua picha hiyo.

Kinachomlinda mwalimu ni utaratibu. Mada iwemo kwenye azimio la kazi, swali la mjadala liandikwe kwenye andalio la somo, na mkuu wa shule alione mapema. Darasani ziwepo kanuni chache: tunajadili chombo na kazi yake, hatumjadili mtu wala chama, na anayedai jambo aonyeshe limeandikwa wapi. Mzazi akipiga simu kulalamika, mkuu wa shule awe wa kwanza kujibu. Mwalimu asiachwe ajitetee peke yake.

Dhana: Maendeleo huletwa na mbunge

Hii wanayo wanafunzi wenyewe, na watu wazima wengi pia. Uliza kidato cha pili nani anahusika na bomba la maji lililokauka, utasikia darasa zima: mbunge! Barabara imekatika? Mbunge. Zahanati haina dawa? Mbunge tena.

Kwa mujibu wa Ibara ya 63 ya Katiba, Bunge linaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi: wabunge wanatunga sheria, wanajadili na kupitisha bajeti, wanawauliza mawaziri maswali. Ni kweli upo mfuko wa jimbo ulioanzishwa kwa sheria ya 2009 ambao mbunge anahusika nao, lakini haumfanyi kuwa mkandarasi wa jimbo. Maji ya Jiji la Dodoma yako chini ya DUWASA, ya vijijini yako chini ya RUWASA pamoja na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii. Barabara kuu ni za TANROADS, za mitaa na vijijini ni za TARURA. Zahanati ziko chini ya halmashauri.

Kipindi kizuri kinaweza kujengwa juu ya kero moja tu. Wanafunzi wachague bomba moja bovu wanalolijua, wachore ngazi kuanzia kwa mwenyekiti wa mtaa au kijiji hadi mamlaka husika, kisha waandike barua rasmi: anwani, kichwa cha habari, tarehe ya tatizo, ombi. Mwanafunzi aliyeandika barua hiyo hatahitaji kukariri muundo wa serikali za mitaa.

Dhana: Darasa la wanafunzi 80 haliwezi kushirikishwa

Linaweza, kwa kifaa ambacho ni bure. Taarifa Rasmi za Majadiliano ya Bunge, tunazoziita Hansard, ziko kwenye tovuti ya Bunge kwa Kiswahili. Chapisha ukurasa mmoja wa maswali na majibu ya asubuhi. Mmoja awe mbunge, mwingine Naibu Waziri, mmoja Spika, na safu nzima ya madawati iandae maswali ya nyongeza. Safu nyingine ipime: je, waziri amejibu swali au amelikwepa? Wataipenda hata ile "(Makofi)" iliyoandikwa kwenye mabano.

Dhana: Bila kwenda Bungeni, somo halijakamilika

Kukaa ukumbini na kusikia shule yako ikitambulishwa na Spika ni heshima ambayo mtoto haisahau. Lakini shule ya Kondoa au Mpwapwa isiyo na nauli ya basi haijakosa chochote cha msingi. Ofisi ya kijiji ipo. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi, ndio unaochagua halmashauri ya kijiji, na ndipo mapato na matumizi yanaposomwa. Mwenyekiti au mtendaji aalikwe darasani aulizwe maswali yaliyoandaliwa.

Dhana: Hawajafika miaka 18, wasubiri

Kinachosubiriwa ni kura. Uraia wanao tayari, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa mtoto haki ya kutoa maoni kwenye mambo yanayomhusu. Uchaguzi wa viranja uwe na kampeni, kura ya siri na kuhesabu mbele ya watu, na baraza la shule lijibiwe hoja zake.

Dhana: Uraia anaweza kupewa yeyote mwenye vipindi vichache

Kumpanga mwalimu wa somo jingine kufundisha uraia kwa kuwa ratiba yake imelegea kunawaumiza wote wawili, yeye na darasa. Kama hakuna budi, apewe nakala ya Katiba iwe yake, nafasi ya kukaa darasani kwa mwenzake mzoefu, na mada za uraia ziingizwe kwenye vikao vya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambako walimu hujifunza wao kwa wao shuleni. Maofisa elimu kata wanaweza kuzikutanisha shule mbili tatu zilizo jirani wabadilishane maandalio yaliyofanya kazi. Na pale mgeni kutoka halmashauri au mtaani anapoalikwa, barua ya mwaliko isainiwe na mkuu wa shule, kwa muhuri wa shule.