Bangi ikiruhusiwa mtaani kunabadilika nini? Maswali ya msimu wa korosho

Mimi ni nesi, nipo Tandahimba, Mtwara. Kila msimu wa korosho, minada ikianza na hela ikaingia vijiweni, maswali ya bangi yanakuja mfululizo, wengine wananisimamisha njiani kabisa. Nimeamua niyajibu hapa kwa pamoja.

Sista, wenzetu wameruhusu, sisi tunabaniwa nini?

Kwanza tuelewane, "kuruhusu" sio kitu kimoja. Uruguay ndo walianza 2013, wakaweka hadi famasi zinazouza. Kanada ikafata Oktoba 2018, kule kuna maduka kabisa. Ujerumani sheria yao ilianza Aprili 2024 lakini hakuna duka la mtaani, mtu mzima anatembea na gramu 25 na nyumbani anaotesha miche mitatu basi. Afrika Kusini mahakama yao ya katiba ilisema 2018 mtu mzima akivuta kwake faragha sio kosa, ila kuuza bado kosa. Malawi wao 2020 waliruhusu kulima kwa ajili ya dawa na viwanda, sio ya kuvuta kijiweni. Thailand ndo funzo zaidi, walifungulia 2022 maduka yakaota kama uyoga, 2025 wakageuka wakasema bila cheti cha daktari huuziwi. Kwetu Tanzania sheria ya 2015 inakataza yote, kulima, kuuza, kukutwa nayo, kuvuta.

Na walioruhusu wamepata nini?

Wamepata faida, sitaki kudanganya. Watu wachache wanakamatwa kwa sababu ya msokoto mmoja, na hilo sio dogo maana kijana akishawekwa ndani maisha yake yanavurugika kuliko ile bangi yenyewe ingemvuruga. Kodi inaingia, jimbo la Colorado kule Marekani maduka yalifunguliwa 2014 na sehemu ya kodi inajenga shule. Na ile hofu kwamba wanafunzi wote watageuka wavutaji, Colorado haikuwa hivyo, walioongezeka kuvuta ni watu wazima.

Sasa upande wa pili. Bangi ikiruhusiwa haibaki kwenye msokoto, inaingia kwenye keki, biskuti, pipi. Mtoto wa miaka mitatu anaona pipi mezani anakula, na bangi ya kula inachelewa, inaweza kuchukua saa nzima au mbili ndo mtoto analegea na mama hajui kala nini. Hospitali za Kanada zimepokea watoto wengi zaidi wa hivyo baada ya sheria kubadilika. Na wauzaji wa kichochoro hawakuisha, wao hawalipi kodi kwaiyo bei yao iko chini.

Babu yangu alivuta miaka yote, akalima, akaoa wake wawili, mbona hakuchizika?

Hili naulizwa kuliko yote. Babu yako alianza akiwa mtu mzima, na bangi ya enzi zake haikuwa kali kama hii skanka ya siku hizi. Ubongo wa binadamu unaendelea kujijenga mpaka kwenye miaka 25 hivi, mtu akianza kuvuta ana miaka 14 anauvuruga ukiwa bado unajengwa. Katika wavutaji kumi, kama mmoja anafika mahali hawezi kuacha, wakianza utotoni ni kama mmoja kwa sita. Na wapo ambao akili inaruka kabisa, wanasikia sauti, wanaona wanafatwa, hasa anayevuta kila siku bangi kali au mwenye ndugu aliyewahi kuugua akili. Huwezi kujua mapema ni nani.

Kuna mama alimleta mwanae, kijana wa kupulizia salfa, ile dawa ya mikorosho, shati bado linanuka. Shamba la marehemu baba yake korosho zote zilishauzwa kwa kangomba, yaani kwa walanguzi wa bei ya chini, zikiwa bado juu ya mti, hela imeishia kwenye kete. Miezi miwili alikuwa kwa mganga, walisema majini. Alikuja amefungwa kamba mikono imechubuka, mama akaifungua mwenyewe taratibu akaikunja akaitia kwenye kapu, akaniambia, "Hii ya mbuzi wa jirani mwanangu, nimeazima." Ile miezi miwili ndo inayoniuma mpaka leo, angekuja wiki ya kwanza tungeanza mapema.

Nikimpeleka hospitali si atakamatwa?

Mama huyo nae aliogopa hilohilo. Mimi sio polisi. Nikikuuliza anavuta nini, mara ngapi, nataka kujua namtibu vipi. Usinifiche, ukinificha tutapoteza muda na malaria wakati tatizo liko kwingine.

Mi nikivuta naendesha boda vizuri, natulia kabisa.

Kaka yangu, unahisi umetulia, ila mkono unachelewa kushika breki na macho yanakosea umbali wa gari linalokuja. Na msimu huu wengi wanachanganya na uraka au nipa, zile pombe za mabibo, hapo ndo mbaya zaidi. Nchi zote zilizoruhusu bado zinakataza kuendesha ukiwa umevuta, zote.

Wajawazito je, wanasema inaondoa kichefuchefu?

Hapana dada. Inapita mpaka kwa mtoto, anaweza kuzaliwa na uzito mdogo, na kwenye maziwa pia inapita. Njoo kliniki zipo dawa za kichefuchefu.

Wewe sista ungeulizwa, ungeruhusu?

Ya starehe, kwa sasa hapana. Wenzetu wameweka umri, vipimo, lebo, na pa kutibiwa akili. Kwetu mtu anatoka kijijini anabadili gari mbili kumfata daktari wa akili. Ila kijana aliyeshazama asifungwe kama mhalifu, atibiwe.

Akiacha ghafla atakufa?

Hafi. Atakuwa mkali, halali usiku, hali chakula, anatoka jasho, wiki ya kwanza ndo ngumu, wiki mbili tatu inapungua. Msimgombeze siku hizo. Mpikieni hata ming'oko, vile viazi vya porini, kidogo akiweza kula, alale chumba kimoja na ndugu, na akianza kuongea na watu wasiokuwepo msisubiri kuche, mleteni usiku huohuo.