Siku ya mtoto kazini ni nini?

Mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Lamu methali hii haihitaji maelezo. Nenda Matondoni wanakounda mashua, utamkuta mtoto aliyetoka chuoni (madrasa) ameketi juu ya gogo, anamtazama babake akichonga ubao kwa tezo. Punde atatumwa keekee ya kutobolea mbao, au pamba ya kukalafatia, yaani kuziba nafasi kati ya mbao. Hakuna aliyempangia siku.

Siku ya mtoto kazini yenyewe hupangwa. Mzazi huomba ruhusa kwa mwajiri, akaingia kazini na mwanawe ili mtoto aone kazi inavyokwenda. Ilianzia Marekani mwaka 1993, pale shirika la Ms. Foundation for Women lilipowaita wazazi wawapeleke mabinti. Mabinti tu, maana ndio waliokuwa wakikua bila kuoneshwa kwamba kazi za kila aina ni zao pia. Wavulana waliongezwa rasmi 2003 (nao, nadhani, walikuwa wamenuna miaka kumi). Huko kwa kawaida huwa Alhamisi ya nne ya Aprili.

Mtoto wa Matondoni anarithi; huyu wa kupelekwa siku moja anachungulia tu. Anaweza kurudi nyumbani akasema, "Mama, kazi yako siitaki," na safari yake haikupotea bure.

Kwa maoni yangu, wanaoihitaji zaidi ni watoto wa wenye kazi zisizoonekana. Ubao wa mashua mtoto anauona ukipinda. Lakini mama akiwa mtu wa maabara, mwanawe anaona mkoba ukitoka asubuhi na uchovu ukirudi jioni. Akienda naye siku moja, ataona tone la damu likipakwa kwenye kioo, likitiwa rangi, kisha mama akiinamia hadubini kutafuta vijidudu vya malaria. Na mwanafunzi wa gredi ya 9 hapa Kenya anatakiwa kuchagua mkondo wa masomo ya sekondari ya juu. Wengi huchagua majina ya kazi, si kazi.

Siku hiyo si ya kibarua, lakini. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 13, na mtoto aliyepangishwa mafaili kutwa nzima ametumikishwa, hakufundishwa.

Ambaye wazazi wake hawana pa kumpeleka, aende na mjomba, shangazi au jirani. Hata nahodha wa boti ya Faza, kisiwani Pate, ana ya kuonesha: jinsi ya kuyasoma maji yanavyojaa na kupwa.