Je, Wajua Kwa Nini Mji Uliosomea Hukumbukwa Kuliko Miaka Yote Iliyofuata?

Mtu aliyesoma Mtwara, iwe katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris au katika mojawapo ya vyuo vya ualimu vya mjini humo, akarudi baada ya miaka kumi au ishirini, hukutana na jambo la ajabu kabla hajapumzika safari. Akipita Ligula anakumbuka mazungumzo yaliyofanyika chini ya mti fulani. Akifika Shangani anamkumbuka mama lishe aliyemkopesha chakula wiki ambayo bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, lilichelewa, pamoja na rangi ya sahani aliyolia. Mtu huyohuyo ukimuuliza alifanya nini katika mwaka wake wa tano wa kazi, atataja mambo mawili matatu, kisha atanyamaza. Inakuwaje miaka mitatu ya chuo ikazidi kwa wingi wa kumbukumbu muongo mzima uliofuata?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba ile ilikuwa miaka ya raha, na raha haisahauliki. Jibu hili linapendwa mno, na kwa sababu lina ukweli kidogo ndani yake, linastahili kupimwa kwa uangalifu. Wanasaikolojia wa kumbukumbu wana njia rahisi ya kulipima: humtajia mtu wa makamo au mzee neno la kawaida, kama vile mvua, meza au mto, wakamwomba aeleze tukio la maisha yake linalomjia, kisha akadirie lilitokea lini. Matukio ya karibuni huwa mengi, na idadi hupungua kadiri mtu anavyorudi nyuma. Lakini badala ya kuendelea kupungua, idadi hiyo hupanda tena kama kilima katika umri wa ujana, hasa kati ya miaka 15 na 25. David Rubin wa Marekani na wenzake walikieleza kilima hicho mwaka 1986, na tangu hapo kimeonekana katika nchi nyingi. Sasa, neno mvua halimuulizi mtu siku zake za furaha, na bado humpeleka ujanani.

Hata hivyo furaha haiwezi kuondolewa kabisa katika maelezo haya. Rubin na Dorthe Berntsen wa Denmaki walipowauliza Wadenmaki zaidi ya elfu moja kuhusu siku yao ya furaha kuu na siku yao ya huzuni kuu, kilima kilionekana kwa furaha tu, wala huzuni haikufuata mkondo huo. Maelezo yao yanavutia: kila jamii huwafundisha watu wake mapema ni lini mambo mema hutarajiwa, yaani kuhitimu, kupata kazi ya kwanza, kuoa au kuolewa, na mtu anapotafuta furaha katika kumbukumbu zake huanza kutafuta pale alipoelekezwa. Kwa hiyo furaha husaidia kuchagua kitakachosimuliwa, lakini peke yake haitoshi kueleza wingi wa mambo madogo yasiyo na furaha wala huzuni, kama rangi ya sahani.

Wapo pia wanaosema kwamba ni ujana wenyewe, kwa kuwa ubongo wa kijana hushika upesi. Hapa kuna ushahidi unaonifurahisha kuliko wote katika somo hili. Mwaka 1998 Robert Schrauf na Rubin waliwachunguza wazee waliozaliwa katika nchi za Kihispania na kuhamia Marekani wakiwa watu wazima. Waliohama wakiwa na miaka ya ishirini na kitu walikuwa na kilima palepale panapotarajiwa, ilhali kwa waliohama wakiwa na miaka thelathini na kitu kilima kilisogea hadi umri wa kuhama. Waliochunguzwa walikuwa wachache, kwa hiyo utafiti huo haufungi mjadala, lakini unaonyesha kwamba umri peke yake hautoshi. Kinachoonekana kuwa na uzito zaidi ni kuanza maisha upya.

Kuanza huko hufanya kazi namna hii. Chukua ufukwe wa Shangani asubuhi, maji yakiwa yamekupwa na mchanga ukiwa umelala laini bila alama. Mtu wa kwanza kupita huacha nyayo zinazosomeka zote: kisigino, vidole, hata pale alipogeuka kutazama nyuma. Wa pili na wa tatu nao husomeka. Kufikia saa nne, wavuvi na wanunuzi wa samaki wakiisha kupita, nyayo zimekanyagana, na aliyepita wa mia moja ameukanyaga mchanga kwa uzito uleule wa mtu wa kwanza lakini hakuna awezaye kumtambua. Siku ya mia moja ya kazi ileile, ofisini palepale, haikuandikwa kwa udhaifu. Imefunikwa na siku nyingine zinazofanana nayo. Chuo ni mchanga mtupu kwa mambo mengi kwa wakati mmoja: chumba cha kwanza cha kupanga, fedha za kwanza za kujipangia, mji wa kwanza bila wazazi. Ndiyo maana David Pillemer na wenzake, walipowaomba wahitimu wa chuo kimoja cha wanawake nchini Marekani wakumbuke mwaka wao wa kwanza, walipata matukio yaliyorundikana mwanzoni mwa mwaka, hata kwa waliohitimu zamani.

Kuhusu mahali penyewe, kanuni inayofanana na hiyo hutumika. Kidokezo, yaani kitu kinachoamsha kumbukumbu, kilichofungamana na mambo machache huyaamsha kwa nguvu kuliko kilichofungamana na mengi. Mkazi wa Chikongola mjini Mtwara ambaye hakuwahi kuhama anapita mitaa ileile bila kuzongwa na kumbukumbu, kwa kuwa kila kona ina maelfu ya siku zake; aliyeondoka baada ya kuhitimu ana miaka mitatu tu katika kona hiyo, na hakuna kilichoongezwa juu yake.

Ushahidi wa maabara kuhusu mahali ni mwembamba zaidi. Jaribio maarufu la mwaka 1975, ambamo wapiga mbizi walikumbuka vizuri zaidi maneno waliyojifunza chini ya maji walipoulizwa humohumo majini, lilirudiwa na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 hayakuwa yaleyale. Kinachokubalika kwa upana ni kwamba kidokezo hufaa kadiri kinavyofanana na kilichokuwapo wakati tukio lilipotokea. Jambo hilo lina maana kwa mji kama Mtwara, ambao umepata bomba la gesi hadi Dar es Salaam, kiwanda kikubwa cha saruji na bandari iliyopanuliwa. Anayerudi ana sababu ya kutarajia kumbukumbu nyingi zaidi katika sehemu zilizobadilika kidogo: barabara pana zilizochorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, mradi wa karanga wa Waingereza ulipohitaji bandari, boma la Wajerumani la mwaka 1895 kule Mikindani, na kivuko cha Msangamkuu, ambako mkondo wa maji ni uleule hata kama chombo kimebadilishwa. Akikaa miezi kadhaa badala ya siku chache, kwa kanuni ile ya kidokezo kilichofungamana na mambo mengi, kumbukumbu hizo zitaanza kumjia kwa nadra zaidi.