Makala ya redio: anza na mahali, maswali baadaye

Wengi wakianza kujifunza makala ya redio wanadhani kazi ni kumkalisha mtu, kumuuliza maswali halafu kupachika sauti yako katikati ya majibu yake. Hayo ni mahojiano marefu tu jamani. Makala inataka msikilizaji ajione yupo palepale, na kinachomfikisha ni sauti za mazingira.

Chukua soko la samaki la Feri hapa Dar. Ukifika asubuhi usikimbilie maswali, vaa hedifoni urekodi kwanza: dalali anavyonadi, kisu kinavyoparua magamba, maji yanamwagwa sakafuni, honi ya pantoni. Kila sauti ichukue peke yake kwa karibu, kisha rudi nyuma uchukue soko zima. Halafu acha mashine iende kama dakika nzima we umenyamaza kabisa, maana hiyo dakika ndo utakuja kuitandika chini ya mahojiano ili pale ulipokata pasisikike pameruka, na ukiikosa huwezi kuitengeneza studio.

Sasa ndo umfuate mtu wako, tuseme mama muuza samaki. Mahojiano yafanyike palepale kazini kwake ila pembeni kidogo ya kelele, maiki iwe na sponji ya upepo, karibu na kidevu, levo, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti kwenye mashine, icheze kwenye desibeli -12 hivi ili akipaza sauti isipasuke. Na usimuulize "biashara inaendaje", hapo utapata "tunamshukuru Mungu" basi. Mwambie, "Mama, hebu nionyeshe unavyomjua samaki wa leo." Atafunua mashavu ya samaki akuonyeshe wekundu, atabonyeza nyama uone kama inarudi, na muda wote huo anaongea, mikono yake inasikika, we itikia kwa kichwa tu, ile "mmh" yako itakusumbua sana kwenye kuhariri.

Ukirudi, sikiliza kila kitu na uandike dakika ya kila sehemu nzuri kabla hujagusa skripti. Audacity, programu ya kompyuta ya kuhariri sauti, ni ya bure na inatosha kuanzia, ila rekodi na uhariri kwa WAV, faili linalotunza sauti yote, MP3 inayoibana sauti iwe ya mwisho kabisa. Skripti iandike huku unaitamka kwa sauti, sentensi fupi, na kama mama ameshasema samaki wamepanda bei wewe usiseme tena, muache aseme mwenyewe. Mwisho isikilize kwenye kiredio kidogo au spika ya simu, maana wasikilizaji wengi ndo wanasikilizia huko, na kama dalali anammeza mama, mshushe dalali.