Kabla ya tone la gundi

Swali ninaloulizwa zaidi kuhusu vipande vyembamba vya shaba tunavyobandika kwenye modeli za plastiki, yaani vifaru, ndege na meli ndogo za kuunganisha, ni hili: unatumia gundi gani? Anayeuliza huwa ameshapoteza vipande viwili vitatu, vidole vimegandana, na kioo cha chumba cha rubani kimeingia ukungu mweupe. Namjibu, lakini jibu langu halimtoshelezi, kwa sababu kosa lake halikuanzia kwenye gundi. Kipande kilichokatwa vizuri, kikapigwa tupa na kukunjwa sawasawa, hukaa mahali pake chenyewe kabla hujakitilia gundi. Kisichokaa chenyewe, hakuna gundi itakayokikalisha.

Tabia za vipande hivi zote zinatokana na jinsi vinavyotengenezwa. Huchukuliwa bamba jembamba la shaba ya manjano, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, au wakati mwingine chuma kisichoshika kutu. Bamba hupakwa utando unaoitikia mwanga, likafunikwa kwa filamu yenye mchoro, likapigwa miale ya urujuanimno. Palipopata mwanga utando unakuwa mgumu. Palipobaki gizani unaoshwa na kuondoka. Halafu bamba linaingizwa kwenye dawa inayokula metali, mara nyingi kloridi ya feri, na kila palipo wazi panalika.

Mchoro huwekwa pande zote mbili za bamba. Palipo wazi pande zote, dawa hukutana katikati na kutoboa. Palipo wazi upande mmoja tu, dawa huishia karibu nusu ya unene, na hapo ndipo unapopatikana ule mfereji mwembamba tunaoutumia kukunjia. Kwa hiyo mstari wa kukunja si alama iliyochorwa juu ya metali. Ni mahali ambapo metali yenyewe imepunguzwa nusu. Ukilielewa hilo, mkono wako utakuwa mpole bila kuambiwa.

Faida ya haya yote ni wembamba. Plastiki iliyomiminwa kwenye kalibu haiwezi kuwa nyembamba sana, kwa sababu lazima ijaze kalibu yote kabla haijapoa. Tuseme ubao wa pembeni wa kifaru cha kipimo cha 1/35, yaani kidogo mara 35 kuliko cha kweli, umetengenezwa kwa plastiki ya milimita 0.7. Zidisha kwa 35 upate milimita 24.5, ambao ni unene wa deraya, ilhali kitu chenyewe kilikuwa bati tu. Bamba la shaba la milimita 0.15 linakupa milimita 5 na kidogo. Jicho linaitambua tofauti hiyo papo hapo, hata la mtu asiyejua chochote kuhusu vifaru. Kwenye meli za 1/350 ni hivyo hivyo: uzio wa sitaha wenye kimo cha mita 1 unakuwa chini kidogo ya milimita 3, na nguzo zake kwa plastiki zingekuwa kama magogo.

Lakini wembamba ndio wote uliopo. Kipande hiki ni bapa, na kitabaki bapa. Ndiyo maana situmii kila kilichomo kwenye bamba, hata kama kimelipiwa. Nyavu za injini, mikanda ya viti, vibati vya matope, uzio, antena za rada: hivyo natumia bila kufikiri mara mbili. Vishikio vya mkono, mabomba na fito za mviringo naviacha kwenye fremu, yaani ile sehemu ya bamba inayovishikilia vipande, naweka waya. Kishikio cha shaba bapa kikitazamwa kwa ubavu kinaonekana kama utepe, na rangi haiwezi kukificha.

Sasa kukata, ambako watu wengi wanakuchukulia kama maandalizi tu. Usikatie kwenye mkeka wa mpira. Mkeka unabonyea chini ya kisu, metali inaufuata, na kipande kinatoka kimepinda hapo kilipounganishwa na fremu. Katia juu ya kigae au kioo kinene. Tumia kisu chenye tumbo la mviringo, uweke makali juu ya kile kijiti kinachoshika kipande, kisha ubonyeze kwa kukibingirisha kisu. Usikivute. Chini ya bamba nabandika utepe wa karatasi, upande wa gundi juu, ili kipande kikikatika kibaki pale pale. Bila utepe huo kinaruka, na kitu cha milimita 2 kikisharuka, kukitafuta ni kazi ya jioni nzima.

Baada ya kukata hubaki kinundu. Ni kidogo mno, pengine hukioni, lakini ukipitisha ukucha ukingoni utakisikia. Nashika kipande kwa koleo lenye midomo bapa, kinundu peke yake kikiwa nje, napitisha tupa laini kufuata urefu wa ukingo. Ukipiga tupa kwa kukatisha ukingo, meno yanakwama na kupinda kipande chote. Dakika hii moja ndiyo inayoamua kama kona mbili za kisanduku zitakutana au zitaacha ufa. Nimeona modeli nyingi zenye ufa huo uliojazwa gundi, gundi ikapakwa rangi, na kona ikawa nene kuliko ya plastiki iliyoondolewa.

Kuhusu kibano: chenye ncha kali sana kinarusha vipande. Ukikibana kwa nguvu, ncha zinapishana na kipande kinafyatuka. Tumia chenye ncha bapa, ubane kidogo tu. Kipande cha kuinua na kuweka, bila kukibana, nakichukua kwa kijiti chenye nta nchani.

Samaki mkunje angali mbichi, na shaba pia. Bamba linatoka kiwandani likiwa gumu lenye kurudi nyuma kama springi. Ukilizungushia kitu cha mviringo linajifungua. Dawa yake ni moto. Kishike kipande kwa kibano cha zamani juu ya mwale wa gesi, chumba kikiwa na mwanga hafifu, mpaka kiive wekundu mzito, kisha ukitoe upesi na kukiacha kipoe. Shaba nyembamba hufika hapo kwa sekunde chache, na sekunde chache zaidi zinaiyeyusha. Ikipoa, inalala unavyoilaza. Usivilainishe vipande vinavyotakiwa kubaki vimenyooka peke yake, kama uzio na antena, kwa sababu vitapinda kwa kuguswa tu. Vile vinavyokuja na rangi tayari usivipeleke motoni kabisa.

Kukunja kuna kanuni moja inayosaidia mara nyingi: mfereji ukae ndani ya kona. Hapo kuta mbili hukutana ndani ya mfereji na kona inatoka kali kwa nje. Wapo wasanifu wanaofanya kinyume, kwa hiyo soma mchoro kwanza. Mimi sikuusoma siku moja, nikiwa na kisanduku cha zana cha kifaru, cha kuta tano, kilichobaki ukuta mmoja kukamilika. Nilikuwa nimeanza na kuta ndefu za nje, na ule mdogo wa ndani ukakosa nafasi ya kuingiza wembe. Nikafungua ukuta mrefu ili nipate njia, nikaukunja tena, ukakataa kukaa sawa, nikaufungua tena. Mara ya tatu ulibaki mkononi mwangu, umekatika kwenye mfereji, mstari ulionyooka kama umekatwa kwa makusudi. Shaba kila inapokunjwa inakuwa ngumu zaidi pale pale, na kwenye mfereji imebaki nusu tu ya unene. Ihesabie mkunjo mmoja, na wa pili kwa bahati. Tangu siku hiyo naandika namba za mikunjo kwenye karatasi kabla ya kuanza: midogo ya ndani kwanza, mirefu ya nje mwisho.

Kifaa maalumu cha kukunjia ni kizuri kwa kuta ndefu, lakini nyembe mbili zinatosha. Mmoja unabana kipande kwenye kioo, ukingo wake ukiwa juu ya mstari. Wa pili unaingia chini ya sehemu iliyobaki na kuiinua yote kwa pamoja. Ukiinua kwa ncha ya kibano, ukuta unainuka upande mmoja kwanza na hautanyooka tena. Kwa umbo la mviringo, laza kipande juu ya mpira laini na ukibingirishe kwa shina la keekee jembamba kuliko duara unalolitaka, maana metali itafunguka kidogo ukiiachia.

Hapo ndipo ninapofika kwenye gundi, na imebaki habari fupi. Gundi ya plastiki haifai, kwa sababu yenyewe huyeyusha plastiki ili iungane na plastiki nyingine, metali haiyeyuki. Inayofaa ni supaglu. Nakata tundu la sindano nusu libaki kama uma mdogo, nachovya, na kile kitone kilichonaswa katikati ya uma ndicho kipimo. Weka kipande kikavu kwanza, kisha gusa ukingoni na supaglu nyepesi itapenya yenyewe. Karibu na vioo usiitumie, kwa kuwa mvuke wake ndio unaoleta ule ukungu mweupe. Tumia gundi nyeupe ya mbao au vanishi. Na asetoni inayosafisha supaglu inayeyusha plastiki ya modeli pia, kwa hiyo iishie kwenye shaba kabla haijabandikwa.

Visanduku na vibati vya matope navilehemu, kwa sababu kona iliyolehemiwa haiachii hata ukiigonga. Lehemu ya bati na risasi huyeyuka karibu nyuzi 190 za selsiasi, na plastiki ya modeli inaanza kulegea kwenye nyuzi 100 hivi. Lehemu mbali na modeli, pakaa fluksi, ile dawa inayoisaidia lehemu kushika, weka punje ndogo ya lehemu ndani ya kona isionekane, osha fluksi yote, ndipo ubandike.

Rangi haishiki kwenye shaba tupu. Futa mafuta ya vidole kwa spiriti, pulizia praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, nyembamba mara mbili, na kwenye nyavu pulizia kwa pembe kutoka pande nne. Ukipulizia wima kutoka juu, matundu yale uliyolipia shaba yapate kuonekana yataziba, na sindano itakayoyazibua itabeba praima pamoja nayo.