Wyoming haikuzaliwa Republican

Husemwa tangu zamani kwamba Wyoming, jimbo la Marekani lenye watu wachache kuliko yote, halijawahi kumpa kura mgombea wa Democratic. Ukitazama leo ni rahisi kuamini: mwaka 2024 Donald Trump alipata zaidi ya asilimia 70. Lakini kumbukumbu za kura zinasema mengine.

Wyoming ilipata hadhi ya jimbo mwaka 1890. Mwaka 1896 ilimchagua mgombea wa Democratic, William Jennings Bryan, kisha mwenzake wa chama hicho, Woodrow Wilson, mara mbili, 1912 na 1916. Franklin Roosevelt alishinda huko 1932, 1936 na 1940, akashindwa 1944. Harry Truman alilitwaa tena 1948, na Lyndon Johnson 1964; hao wote pia walikuwa wa Democratic.

Nguvu hiyo ya Democratic ilitoka hasa kusini mwa jimbo, kwenye reli ya Union Pacific. Wachimbaji wa makaa ya mawe wa Rock Springs na wafanyakazi wa reli walikuwa na vyama imara vya wafanyakazi, na kura zao zilikuwa nzito mno katika jimbo dogo hivyo. Historia yao haistahili kufutwa.

Ushindi wa Republican usiokatika ulianza 1968 tu.